Kanuni ya Meno Mawili

Shemasi alikuwa na tabia ya kusalimia kondoo wako kwanza, wewe baadaye. Anaingia uani, anakupita umesimama na tabasamu lako, anamshika kondoo taya, anamfunua mdomo wa chini kwa kidole gumba na kuchungulia. Akishaona alichotaka kuona ndipo anakugeukia na kukuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, na baba yao je. Mgeni angeudhika. Sisi majirani zake hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tulishazoea, na tulikuwa tukimtania kwamba akifika mbinguni atawafunua midomo wale kondoo wa mkono wa kuume kabla hajauliza aketi wapi.

Alichokuwa akitafuta ni meno. Kondoo akiwa mdogo ana meno ya maziwa kwenye taya la chini, madogo na yote sawasawa. Akipita mwaka na miezi kadhaa, yale mawili ya katikati yanang'oka na mahali pake yanaota mawili mapana. Jike asiyekuwa na hayo mawili mapana, kwa Shemasi, ni mtoto, hata awe amenona namna gani. Na mtoto hapelekwi kwa dume. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake. Kwa kanuni hiyo aliwafanya wanawake wengi wa kambi hii wawe na zizi, na kwa kanuni hiyohiyo akamharibia mwanamke mmoja jina. Nitasimulia yote mawili, kwa sababu ukisimulia moja ukaficha la pili utakuwa unamsimulia mtu mwingine.

Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake siziwezi. Mwenyewe hakupenda kuulizwa. Nilipopewa kiwanja karibu na chake alikuwa tayari shemasi wa kanisa letu, mwanamke mjane, mfupi, na sauti nzito kuliko ya mchungaji. Alitoka Kivu Kusini, kule Kongo, kama mimi, ila yeye ni wa kule juu milimani, kwenye baridi na ukungu, ambako watu hufuga kuliko kulima. Mimi ni mtu wa chini, wa ziwani, na biashara yangu ni ndagala, vile visamaki vikavu ambavyo ukiviuza hata nguo za Jumapili zinakusema. Tangu siku ya kwanza hakuniita kwa jina. Aliniita Mama ya Ndagala, hata kanisani, hata akiwa ameniwekea mkono kichwani akiniombea.

Wanawake wengine hapa wana mizunguko ya akiba. Sisi tulikuwa na wa kondoo, na aliyeuanzisha ni yeye, kwa majike machache aliyoyatoa Endiinzi kwa wafugaji wa huko. Mwanamke anapewa mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa. Anamlea. Akiota meno mawili anapelekwa kwa dume wa Shemasi. Mtoto wa kike wa kwanza anapewa mwenzako anayefuata kwenye mstari, na mama yake anakuwa wako kabisa. Kueleza ni rahisi, kungoja ndiyo kazi. Mtu aliweza kungoja zamu yake mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni akaanza shule. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na haraka isipokuwa yeye.

Haraka yetu ilichochewa na mitamba wenyewe. Mtamba aliyeshiba hangoji kutimiza mwaka. Unamwona asubuhi moja anatikisa mkia ovyo, hali vizuri, anakwenda kusimama kwenye upande wa zizi ulio karibu na dume na hasogei. Kesho yake ametulia kama hakuna lililotokea. Zikipita wiki mbili na siku kadhaa, anaanza tena. Sisi tuliokuwa tukingoja tukiona hivyo tulikuwa tunasema: si ameomba mwenyewe?

"Kuomba dume haiko kuweza kubeba," Shemasi alikuwa akijibu.

Aliyasema maneno hayo mara nyingi mpaka watoto wetu wakawa wanayasema kwenye michezo yao bila kujua maana yake. Ukimsumbua zaidi alikufafanulia. Mtamba bado anajijenga mwenyewe, mifupa na nyama. Ukimpa mimba, walaji wanakuwa wawili na sahani ni ileile. Atazaa kitoto dhaifu, au kitakuwa kikubwa kikwame. Maziwa hayatatosha. Wengine wakishazaa hawajui hata kile kilichowatoka ni nini, wanakikimbia. "Nayeye angali mutoto," alisema, "atajuaje mutoto?"

Siyo kwamba kila mtu alikubaliana naye. Bwana mifugo alipita siku moja, kijana mpole, akamwambia kwamba wengine hawaangalii meno, wanaangalia uzito; mtamba aliyelishwa vizuri akifikia kama theluthi mbili za uzito wa mama yake anaweza kupelekwa kwa dume, hata kabla ya mwaka, na akitunzwa hapati shida. Shemasi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, akamwongeza chai. Alipoondoka akaniambia kijana yule amelelewa vizuri. Kisha akaendelea kuangalia meno. Kwa hilo mimi simlaumu, maana hakuna kati yetu aliyekuwa na mizani ya kupimia kondoo, na pumba zenyewe tulikuwa tunagombania na kuku.

Dume wake alimvalisha kitambaa. Ni kipande cha turubai kuukuu, lile la mahema tuliyopewa tulipofika, amekipitisha chini ya tumbo na kukifunga mgongoni kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Dume akimpanda jike, kitambaa kinamzuia, anashuka na aibu yake. Kikifunguliwa, ni Shemasi mwenyewe amekifungua, kwa ajili ya jike aliyekwisha kumkagua. Mfugaji wa Endiinzi aliyekuwa akituletea kondoo, Mnyankore mrefu mwenye kofia, alicheka mpaka akakaa chini alipoona mara ya kwanza.

"Nyabo," yaani mama kwa lugha yao, "wewe navalisha kondoo suruali?"

"Na weye ukivaa, si ni juu ya kitu kilekile?" Shemasi akamjibu, na yule bwana akaacha kucheka akaomba maji.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mkali kwa pombe na ngoma, lakini ugoro wake ulikaa kwenye pindo la kitenge na sote tulijifanya hatuuoni. Asiyeweza kukaa na mgonjwa dakika kumi bila kumwambia ajikaze, lakini ndiye aliyemfulia jirani yetu aliyekuwa na kifua kikuu wakati ndugu zake wenyewe walisimama mlangoni. Aliimba vibaya na kwa sauti kubwa. Hakusahau neno lake hata moja, na ndani ya hilo mna wema na mna ubaya, kama mtakavyoona.

Kuna jambo moja lililomkasirisha kuliko yote. Jumapili moja mchungaji alipanda madhabahuni akaanza kuhubiri juu ya wasichana na ndoa za mapema, akasema tujifunze kwa kondoo wa Shemasi wetu, kwamba msichana naye ana wakati wake. Aliona ametoa mfano mzuri. Shemasi akainuka kwenye benchi la mbele, akachukua Biblia yake, akatoka. Nilimfuata nje nikidhani anaumwa.

"Mutu haiko kondoo," akaniambia. "Kondoo haina masomo. Kondoo haisemi hapana. Asinichanganyie."

Yeye mwenyewe alikuwa ameozwa mapema sana. Alinitajia mara moja tu, tukichambua maharage, bila kuinua macho: "Mie baliniozesha nikingali mutoto. Wa kwanza alikufia mu tumbo." Nikafungua mdomo kusema pole. "Chambua," akasema, tukaendelea kuchambua. Hakulirudia tena, nami sikuthubutu kuliuliza.

Sasa nije kwa Mama Riziki, maana habari yenyewe ni yake.

Mama Riziki ni mke wa fundi baiskeli, yule aliyekuwa akimpa Shemasi ile mipira ya kufungia dume. Mwanamke mwembamba, mcheshi, mikono midogo kama ya msichana. Alikuwa ndiye mshika ufunguo wa stoo ya kanisa, mahali yanapowekwa mahindi na sabuni za wajane, na hakuna siku kilipopungua kitu. Zamu yake ya mzunguko ilipofika alipewa mtamba mweusi mwenye baka kifuani, na alimlea kwa mapenzi mpaka sisi wengine tukamwonea wivu. Basi mtamba akawa na mimba bila meno mawili. Akazaa kwa shida, kitoto kikafa, yeye akapona.

Shemasi aliitisha kikao cha wanawake. Kanuni ilisema hivi: atakayempeleka mtamba kwa dume kabla ya meno mawili, anamrudisha, na yeye mwenyewe anakwenda mkiani mwa mstari kungoja upya. Mama Riziki alisimama akasema, "Mama Shemasi, sikumupeleka ku dume. Naapa ku Mungu. Ile kondoo haijatoka na ingine dume, ilikuwa tu na benzake ku malisho."

"Kondoo haijipi mimba," Shemasi akasema.

"Minakwambia sikumupeleka."

"Basi weye ni mwongo. Na shemasi asiseme ya uongo: minasema mbele ya bamama bote, weye ni mwongo."

Kuwekwa mkiani kungevumilika. Neno ndilo lililomuua. Hapa kambini mtu hana shamba la babu yake wala nyumba ya ukoo ya kuonyesha. Ana jina lake, basi. Baada ya wiki chache ufunguo wa stoo ulihamia kwa mtu mwingine, kwa maneno laini ya kwamba apumzike. Akisimama kutoa ushuhuda kanisani, lazima mtu akohoe. Kwenye duka la karibu walianza kuhesabu tena vitu alivyokwisha hesabiwa. Akaacha kwaya. Mimi nilikuwa rafiki yake na nilimwamini, nikasema hivyo kwa yeyote aliyeuliza, lakini neno la muuza ndagala halifuti neno la shemasi.

Zamu yangu ikafika. Kiwanja changu hakikuwa na ua, kwa hiyo tukakubaliana mtamba wangu abaki kwenye zizi la Shemasi mpaka aote meno. Nilikuwa nakwenda kumwona kila nikitoka sokoni. Wa rangi ya kahawia, masikio mafupi, mwenye kupenda majani ya viazi vitamu kupita kiasi. Nilimpenda kabla hajawa wangu.

Nikaanza kumwona anatanuka. Mwanzoni nilinyamaza, nani amfundishe Shemasi kondoo? Halafu nikaona kiwele kimeanza kujaa, kidogo tu, kama ngumi ya mtoto. Nikamwambia.

"Ni majani," akasema. "Mwaka huu kuna majani mingi."

"Mama Shemasi, majani hayajazi kiwele."

"Weye unajua samaki." Na akaenda zake.

Yule mfugaji wa Endiinzi ndiye aliyekata maneno. Alikuja siku hiyo na majike ya kuuza, akamtazama mtamba wangu, akapitisha mkono chini ya tumbo lake. "Hii nakaribia zaa," akasema. Shemasi akamwonyesha dume wake aliyefungwa kitambaa chake, mafundo hayajaguswa. Yule bwana hakumwangalia dume. Alinyoosha fimbo kwa kidume kimoja kidogo kilichokuwa kimepiga magoti chini ya mama yake, kinanyonya, mkia unacheza.

"Nyabo, bwana yake ni huyu, ama kaka yake."

"Ule? Ule angali ananyonya."

"Nanyonya, na napanda. Mimi naona yeye kule kwa maji, si mara moja. Hapa kwetu joto, majani mingi. Miezi tano, sita, huyu ni mwanaume. Sisi natoa yeye kwa wanawake mapema sana."

Hapo ndipo nilipomwona Shemasi akizeeka. Kule kwao milimani, kwenye baridi na majani mafupi, kidume hakikuwa na maana mpaka mwaka upite. Wanawaacha na mama zao, wanakua pamoja, hakuna linalotokea. Alikuwa amebeba ujuzi wake wote kutoka kule, akaja nao hapa bondeni kwenye joto na pumba na majani ya viazi, na hakuna siku aliyofikiri kwamba kondoo wa hapa hawajui habari za kule. Alikuwa akikagua meno ya majike na kumfunga dume mkubwa kwa kitambaa, na vidume vya maziwa vinazunguka katikati yao. Kwenye malisho ya pamoja vile vidume vilikuwa vyake. Mtamba mweusi wa Mama Riziki alikuwa akila navyo kila siku.

Alielewa. Nilimwona akielewa. Akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata aliwaita wanawake. Akasimama, akasema kwenye zizi lake kuna mtamba mwenye mimba bila meno mawili, kanuni ni kanuni, na yeye kuanzia leo anakwenda mkiani mwa mstari. Akasema tena kwamba vidume vyote vitatengwa na mama zao mapema, kabla havijawa na hila. Wanawake walipiga makofi. Wengine walilia. Walisema hawajaona unyenyekevu wa namna hiyo, kiongozi kujihukumu mwenyewe. Mama Riziki alikuwa amekaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Mimi nilikasirika mpaka nikasikia masikio yanawaka.

Nilimkamata Shemasi njiani. "Na Mama Riziki?"

"Nilishaenda mukiani kama yeye. Tuko sawa."

"Hamuko sawa, Mama. Weye hakuna mwenye alikuita mwongo."

Alisimama, akachezea pindo la kitenge chake, akatafuta ugoro, hakuuona. "Neno ya shemasi ikirudi moja," akasema polepole, "bataanza kurudisha zote." Akaenda. Mimi nasema kilikuwa kiburi, ingawa nilimpenda na nampenda. Nafikiri pia aliogopa. Alikuwa amebakiwa na vitu vichache sana duniani, na kimoja ni kwamba akisema jambo limesemwa.

Badala ya neno akawa anapeleka vitu. Akampelekea Mama Riziki mahindi. Akampelekea viazi. Akampelekea kitenge kipya, kizuri, cha nta. Mama Riziki alipokea viazi kwa sababu watoto wana njaa, akarudisha kitenge.

"Mwambie mimi nataka neno," akaniambia. "Kitenge nitavaa niende nayo wapi, na watu wanaona ni mwongo amevaa?"

Mtamba wangu Shemasi alimtunza kama yai. Alimpa pumba na majani kwa kiasi, akampunguzia pumba mwishoni ili kitoto kisije kikanenepa tumboni kikashindwa kupita. Kila asubuhi alimpapasa. Hakuwa akiniita Mama ya Ndagala tena siku zile. Hakuwa akiniita chochote.

Siku ya kuzaa ilikuwa mchana, jua kali, vumbi kila mahali. Nilikuta mtamba amelala ubavu, anasukuma na hakuna kinachokuja ila mguu mmoja. Kichwa kimegeukia nyuma. Shemasi alikuwa amepiga magoti, mkono umepakwa mafuta ya kupikia, na jasho linamdondoka. Mkono wake haukuingia. Miaka ya baridi yabisi ilikuwa imevimbisha vifundo vya vidole vyake, na mtamba mwenyewe ni mdogo, njia ni nyembamba. Mimi mkono wangu ni mnene, nilijaribu, nikamwumiza tu.

Shemasi akaniambia bila kunitazama: "Mwite."

Nilijua ni nani. Nilikimbia nikidhani atakataa, na angekuwa na haki. Mama Riziki aliniuliza tu, "Ni kichwa ama ni miguu?" akanawa mikono, akaja. Alipiga magoti pale pale Shemasi alipokuwa amepiga, na Shemasi akamshikia mtamba kichwa.

"Sukuma mutoto nyuma kwanza," Shemasi akamwelekeza. "Usivute. Nyuma. Sasa tafuta taya. Umepata taya?"

"Nimepata."

"Leta uso mbele. Polepole. Huyu naye ni mutoto."

Kikatoka. Kike. Hakikupumua, Mama Riziki akakipangusa pua, akakisugua kwa majani makavu, akakipulizia, hapana kitu. Mtamba alipona. Alisimama baada ya muda, miguu inamtetemeka, akaenda moja kwa moja kwenye majani ya viazi, hakugeuka kuangalia kilichotoka. Tulikaa sisi watatu tukimwangalia akila. Nilingoja. Nilisema moyoni, sasa, Mama, sasa hivi, hatuko wengi, sema.

Shemasi alisema, "Aksanti, Mama Riziki."

Mama Riziki alinawa mikono, akashika njia ya kwake.

Haikupita muda mrefu binti yake Shemasi akaja kumchukua. Anaishi mjini Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, ana kibanda cha kushona nguo na vyumba viwili nyuma yake. Magoti ya mama yalikuwa yamekwisha, hakuweza tena kuchota maji. Kondoo aliwagawa wote kwenye mzunguko, kila mmoja na mwenye zamu yake, akanikabidhi mimi dume na kitambaa chake na kuniambia niangalie vidume kuliko majike. Siku anaondoka kanisa zima lilimwimbia. Mama Riziki hakuja.

Mwaka huu nilikwenda Mbarara kwa shughuli zangu za ndagala. Mama Riziki alikuwa akimpeleka mwanawe hospitali, macho yanamsumbua, tukapanda teksi moja. Alipomaliza hospitali nilimwomba twende pamoja Nyamityobora. Alikubali kufika mpaka barabarani. Akasema atanisubiri pale kwa muuza chapati, mtoto ale, lakini ndani haingii.

Nilimkuta Shemasi amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kibanda, amepungua, kandambili miguuni, anawatazama watu wa mjini wakipita. Alisema mjini watu wanakusalimia bila kusimama. Aliniuliza habari za mtamba wangu kabla ya habari za watoto wangu, nikafurahi, nikajua bado ni yeye. Nikamwambia ameota meno mawili, mapana, ya kupendeza. Nikampeleka kwa dume kwa wakati wake. Amezaa kike mzima, na safari hii alimlamba mtoto mpaka nikachoka kusubiri amalize.

"Alimujua mutoto," Shemasi akasema.

"Alimjua."

Halafu akaniuliza kile kike kinakwenda kwa nani. Nikamwambia: mstari umezunguka, zamu ni ya Mama Riziki, lakini wanawake wawili wamepinga. Wamesema mwongo hawezi kupewa kondoo mara ya pili. Kikao ni Jumapili hii, na mimi peke yangu siwezi kuwashinda.

Mashine ya binti yake ilikuwa ikilia ndani, ikanyamaza, ikalia tena.

"Ulikuja na nani?" akauliza.

"Yuko pale barabarani. Kwa muuza chapati."

Alishika mikono ya kiti, akajiinua. Nilitaka kumsaidia, akanipiga kidogo mkononi. Tulikwenda polepole sana, yeye na fimbo yake, tukapita mbele ya kibanda, binti akauliza mama unakwenda wapi chakula kiko tayari, yeye akaendelea kwenda. Mama Riziki alituona tukiwa mbali. Alisimama, akamvuta mtoto karibu naye.

Shemasi alisimama mbele yake. Vijana wa bodaboda walikuwa pale, na muuza chapati na wateja wake, na wanafunzi wawili wenye sare. Hakushusha sauti. Hakuwahi kujua kuishusha.

"Mama Riziki. Nilikuita mwongo mbele ya bamama. Haukuwa mwongo. Kidume kilikuwa yangu, na mie ndio sikujua. Nilijua mu siku ile ya zizi, nikanyamaza. Unisamehe."

Watu wa bodaboda walitutazama, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Mama Riziki alikuwa akilia, lakini uso wake haukulegea.

"Nimekusamehe, Mama," akasema. "Lakini hapa nani ananijua? Hawa baliniita mwongo? Neno ulisema kule. Kule ndio nalala, kule ndio batoto bangu banasoma."

Shemasi alimtazama. Alitazama barabara inayotoka mjini kuelekea kambini, na magari, na jua lilikokuwa. Kisha akaangalia miguu yake.

"Basi muningoje," akasema. "Nikavae viatu."